Mshauri Aliyerudi Kutoka Likizo Akapokewa kwa Rambirambi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu, Rozalia Kalinga anafika kazini kwake mjini Iringa na kukuta mteja wa kwanza ameshamtangulia. Kwenye benchi la mapokezi ameketi Bertha, muuza nyanya mwenye umri wa miaka hamsini na mbili. Kulia kwake ipo ndoo ya unga wa sembe. Kushoto kwake yupo kuku jike aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Kamwene, mama mshauri," anasema Bertha kwa salamu ya Kihehe, akisimama. "Pole sana na msiba."

Rozalia anauliza ni msiba gani.

"Wa mama. Tumesikia."

Mama yake Rozalia ana umri wa miaka sabini na sita. Anaishi Chimala, na jioni iliyotangulia alimpigia simu binti yake kumkaripia kwa kusahau kandambili.

Rozalia, mwenye umri wa miaka arobaini na nne, ni mshauri nasaha katika kituo kidogo kinachohudumia wafiwa, wagonjwa wa sonona na wanandoa waliochokana. Hupokea wateja saba kwa siku, kwa mshahara usiofika laki saba kwa mwezi. Jumatatu hiyo alikuwa akirejea kutoka likizo ya siku ishirini na nane, likizo yake ya kwanza kamili katika miaka tisa. Hakuna aliyekufa.

Kosa la wateja wake halikuwa la kipumbavu. Katika miaka hiyo tisa walimkosa kwa zaidi ya siku mbili mara mbili tu: alipofiwa na baba na alipofiwa na kaka. Mara ya tatu hawakuhitaji kuambiwa.

Liberatus, karani wa mapokezi, anakana kueneza uvumi. "Waliniuliza mshauri yuko wapi, nikasema kaenda nyumbani. Wakauliza kuna nini, nikasema sijui. Na kweli sikujua. Mtu anaenda nyumbani wiki nne, mahindi yameshavunwa, harusi hakuna. Hata mimi nilianza kuingiwa na wasiwasi."

Rozalia alimweleza Bertha ukweli palepale, akamwomba aondoke na vitu vyake. Bertha alikataa katakata. "Nirudi na kuku nyumbani niwaambie nini, mama? Kwamba marehemu amefufuka?"

Sababu ya likizo ilikuwa maharage. Siku moja mjane alikuwa akilia mbele yake, na Rozalia akagundua kwamba kwa dakika kadhaa alikuwa akiyawazia maharage aliyoyaacha jikoni. "Nilitikisa kichwa mahali panapostahili, nikasema pole mahali panapostahili. Yeye hakujua. Mimi nilijua," anasema. Wiki hiyo hiyo alijaza fomu.

Kupumzika, hata hivyo, kulimshinda mwanzoni. Chimala majirani walimjua kuwa ni daktari wa mawazo, na kufikia siku ya tisa alikuwa amesuluhisha ndoa mbili na ugomvi wa mfereji wa maji ya mpunga. Siku ya kumi alipanda basi kwenda Mbeya, akapanga chumba katika nyumba ya wageni, na kumwambia mhudumu kwamba yeye ni fundi cherehani. Siku yake ya tatu hapo mhudumu akamletea sketi ya kupunguza kiuno. Aliipunguza. Baada ya hapo hakuna aliyemwomba chochote.

Aliporudi Iringa, mtu aliyemtia hofu zaidi hakuwa Bertha. Alikuwa Vitus, dereva wa lori la mizigo kati ya Tunduma na Dar es Salaam, ambaye ameruhusu jina lake la kwanza liandikwe na kukataa la ukoo. Miezi minane iliyopita, kwenye mteremko wa Kitonga, Vitus alishuhudia lori la rafiki yake likipinduka mbele yake na kumuua. Siku ya nne alikuwa barabarani tena. Tangu wakati huo mikono humtetemeka kila akianza kuteremka.

Kwa miezi mitano Rozalia alimsihi apumzike angalau siku kumi. Kwa miezi mitano Vitus alikataa. "Mwanamume akikaa nyumbani bila ugonjwa wala msiba, majirani wanamtafutia kimojawapo," anaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya dizeli.

Liberatus alimshauri bosi wake apokee pole na kunyamaza. "Mama mshauri, ukimwambia ulikuwa unapumzika, Vitus ataona ulimwacha hivihivi. Hatarudi huyo." Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini Rozalia aliona upande wake wa pili: akikubali msiba usiokuwapo, atakuwa amemthibitishia Vitus kwamba mtu hupumzika pale tu anapokufa mwingine. Na Vitus angeendelea kuteremka Kitonga na mikono ile.

Alhamisi Vitus alifika, akatoa pole. Rozalia akamjibu kwamba mama yake ni mzima.

"Nani basi kafa?"

"Hakuna, kaka Vitus. Nilichoka."

Wote wawili wanasimulia kilichofuata kwa namna moja. Vitus alisimama. "Nimekwenda safari tatu sijaongea na mtu," alisema. "Tatu! Nikijisemea, mwache, yuko na maiti." Akaenda mlangoni, akashika kitasa.

Kisha akageuka. "Sasa siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

Mafunzo ya kazi yake yanamtaka mshauri asijizungumzie. Rozalia aliyaweka kando. Alieleza kuhusu usingizi, mfereji, Mbeya na sketi.

"Uliipunguza?"

"Niliipunguza."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

Vitus akarudi kukaa. Kwa dakika arobaini aliuliza maswali kama mtu anayeulizia njia asiyowahi kuipita. Aliamka saa ngapi? Miguu haikuvimba? Hakuogopa kwamba wangemweka mwingine kazini?

"Na ule upweke wa Mbeya? Mimi siku ya tano ningetoroka."

"Siku ya tano nililia," Rozalia alimwambia. "Kutwa nzima, na sababu sikuiona. Siku ya sita nikaamka na njaa."

Wiki iliyofuata Vitus aliomba siku kumi kwa mwajiri wake. Aliulizwa amefiwa na nani. Alijibu hajafiwa. Anasema mwajiri alitia saini, na kwamba jibu hilo lilimtisha kuliko kupakia tani thelathini.

Kesho anaondoka kwenda Igowole, kwa dada yake. Mke wake ameuliza mara mbili kama kuna jambo anafichwa.

Rozalia hadai kwamba siku kumi zitaitengeneza mikono ya mtu. Amewaona wengi wakirudi kazini siku ya pili, wakisingizia kwamba wameitwa. Anaulizwa anatarajia nini kwa Vitus.

"Simwambii apone," anasema. "Natumaini tu afike siku ya sita."