Hedifoni zimevunjika, mama kaja na ungo wake

Hedifoni zangu za gemu zimevunjika leo. Tena.

Hizi nilinunua Igoma. Muuzaji aliapa kwamba hata ng'ombe akizikanyaga hazivunjiki.

Ng'ombe hakuhitajika. Nimezigusa tu niziweke vizuri, ule upinde wa kichwani ukakatika katikati.

Mechi ilikuwa imepamba moto, kwa hiyo nikafungulia sauti ya TV.

Haikupita dakika, mama huyo katoka jikoni na ungo wa dagaa. Akakaa mkekani palepale alipokuwa akikaa nikiwa shule ya msingi, akaanza kuchambua mchanga.

"Leo wanacheza akina nani?"

Zamani aliamini ule ni mpira wa kweli. Nikifungwa anaguna, na kesho yake anamsimulia jirani matokeo.

Nikamuuliza, "Mama, si unajua hii ni gemu?"

"Najua siku nyingi. Ila siku hizi nilikuwa sisikii kitu, nikadhani umeacha."

Nikaongeza sauti kidogo.

Wanangu, nitajieni hedifoni za gemu zinazodumu. Bado nazitaka.

Ila msiharakishe.