Joto la Shamba la Mama Agathe

Mama Agathe wa Walikale hana simile, na mimi jirani yake nampenda kwa hilo. Kwa miaka miwili, kila saa nne na nusu asubuhi setilaiti inapopita, amechomeka kipimajoto kwenye udongo wa shamba lake na kuandika namba katika daftari. Kazi hiyo alipewa na Stéphane wa mradi wa kilimo. Siku ya kwanza Stéphane alipewa kiti na kuku mzima.

Akarudi na ramani. Picha ya setilaiti ilisema udongo wetu una nyuzi ishirini na mbili, baridi ya kutosha viazi vya milima ya Masisi. Daftari la Agathe lilisema thelathini na moja.

"Mama, termometre yako imeharibika," Stéphane alisema, akapiga mstari mwekundu juu ya namba zake, ukurasa kwa ukurasa.

"Yangu, ao ile ya kwenu kule juu?"

Mradi ukaleta mbegu, Agathe akang'oa mihogo michanga ili apande viazi. Viazi vikatoa majani mazuri juu na mizizi mitupu chini. Msimu mzima alikuja kwangu kuomba mihogo, yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi. Nilimchukia Stéphane kwa kila kikapu nilichompa.

Juma lililopita huyo Stéphane akatokea tena, mpole kama mgonjwa.

"Mama, hewa ya huku iko na mvuke mingi. Inakula joto njiani, mbele ifike kwa setilaiti. Inaomba mtu arudishe ile joto yenye imepotea. Sisi tulirudisha na hesabu ya hewa ya Muheto."

"Muheto kwenye iko baridi?"

"Ndiyo, Mama. Njo maana nimekuya kuomba kaye yako ya zile namba. Bila ile, mwezi kesho mbegu ile ile ya viazi itaenda kwa Kétsia."

Mimi ningelichoma daftari mbele ya macho yake. Lakini Kétsia ni mdogo wake Agathe, na mihogo yake bado imesimama. Agathe akampeleka katikati ya shamba tupu, akafungua daftari, akasoma namba moja moja, pamoja na zile zilizopigwa mstari. Stéphane aliandika amesimama, jua la saa sita utosini, shati limemganda mgongoni.

"Mama, kiti hakuna?"

"Kaa apo chini, Papa. Utajua iko na joto ngapi."