Tangawizi ya Harusi ya Kaka

Sisi tuliolelewa Mjini, Mombasa, miaka ile ya vita, hatukujua kukaa. Tukitoka shule ni mdako, tukimaliza mdako ni kombolela vichochoroni, mpaka adhana ya magharibi iturudishe nyumbani na vumbi magotini. Mtoto wa siku hizi umeme ukikatika nusu saa tu, analalama kuwa amechoka kukaa bure. Sisi tulikosa sukari, tulikosa nguo, tulikosa mafuta ya taa, na hata nafasi ya kuchoka hatukuipata.

Mimi ndiye niliyezidi. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akiniambia, "Keti basi hata kidogo, mwanangu, wanitia kizunguzungu." Kuketi ndiko nilikokuogopa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Baba, aliyekuwa akisomesha chuo cha Kurani pale pale nyumbani kwetu Kibokoni, alikwisha kusema: harusi ya kaka yangu Athumani ikipita, shule basi. Nitavaa buibui, nikae ndani, nifunzwe kupika na kushona. Kila nikiamka nilihesabu siku zilizobaki.

Basi ikawa hivi. Soda ilipotea madukani, yote ikienda kwa askari, na Baba akaanza kuona haya kuwa wageni wa mwanawe watakunywa maji matupu. Nikamwambia nitatengeneza tangawizi ya chupa, ile inayotoa povu, kwa kuwa mwalimu wetu alitufundisha jinsi hamira inavyozaa hewa. Baba akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akasema, "Haya. Ukiiweza, nitajua shule imekufaa kitu, nami nitakuacha uendelee." Neno la Baba lilikuwa halirudi nyuma, na siku ile nilikimbia nyumba nzima kwa furaha.

Nikajenga mtambo wangu uani. Nilitwanga tangawizi mpaka vidole vikawaka moto, nikaichemsha na sukari guru na ndimu, nikaimimina mtungini pamoja na hamira yote iliyokuwamo nyumbani, nikaziba mdomo kabisa. Siku ya pili mtungi ukapasuka, ua mzima ukanata, na sisimizi wakapata karamu yao kabla ya harusi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Nikakaa na daftari langu la shule nikachora upya. Mtungi wa pili niliufunika kwa kifuu cha nazi, nikaziba kingo kwa donge la unga. Kifuu nikakitoboa tundu, nikapitisha kijipira cha pampu ya baiskeli ya Athumani, ncha yake nikaizamisha kwenye kikombe cha maji. Hewa itoke, inzi wasiingie. Chupa niliziokota za gololi, zile za kale zilizozibwa na kigololi cha kioo shingoni, nikazisugua kwa mchanga na ndimu. Nikamwomba fundi seremala wa jirani anitobolee ubao, ili chupa zisimame kichwa chini, kigololi kishuke na hewa ikibane. Athumani alitafuta pampu yake wiki nzima, nami nikamsaidia kuitafuta.

Kilichokosekana ni hamira. Nilizunguka maduka yote, hakuna. Siku nne nilichuchumaa mbele ya kikombe kile, maji hayatikisiki, na harusi Ijumaa. Nilikuwa siwezi kula. Asubuhi ya Jumatatu nikamwona Bibi akiumua mkate wa sinia, kama alivyoumua maisha yake yote, kwa tembo la mnazi alilonunua kwa mgema wa Makupa. Unga umefura, unapumua. Nikachota kata moja ya lile tembo lililobaki, nikalimimina mtungini. Kabla ya adhuhuri kikombe kilikuwa kinatoa mapovu.

Wallahi sikufikiri lolote. Tembo kwetu lilikuwa kitu cha jikoni, liko na unga na nazi.

Ijumaa, baada ya alasiri, ndoa ilifungwa msikitini, na masheikh wakaja barazani kwetu. Chupa zikapelekwa. Jikoni Bibi alinipakata, akasema, "Umeshinda, mwanangu. Na hamira uliipata wapi?"

"Sikupata. Nilitia ile chachu yako ya mkate."

Uso wake ukabadilika. "Mkate huingia motoni," akasema polepole. "Hii imeingia wapi?"

Miguu ya Bibi ilikuwa mibovu, hawezi kukimbia. Nilikimbia mimi. Mlangoni nikasimama. Baba alikuwa ameshika chupa ya kwanza, dole gumba juu ya kigololi, na anawaambia wageni, "Kazi ya binti yangu hii." Sijapata kumsikia akijivuna hivyo. Hakuna aliyejua ila mimi na Bibi. Kigololi kikashuka, povu likapanda, na nikaiona shule yangu iko ndani ya chupa ile.

"Baba, msinywe," nikasema. "Ina tembo."

Baba akaiweka chupa chini. Nikaeleza yote, nikilia, mbele ya wanaume wote wale. Akainuka, akamwaga chupa moja moja mtaroni, zote, wala hakunikemea. Kisha akanishika kichwa, macho yake yamelowa, akawageukia wageni. "Mmemsikia? Mtoto aliyeweza kusema hivi elimu imemtosha." Wakasema mashaallah. Jumamosi nikakatiwa buibui.

Leo wasichana wa mtaa ule ule wanasoma mpaka Chuo Kikuu, na bado wajukuu zangu lazima waamshwe mara tatu waende darasani. Nikiwaona wanaburura miguu, mwili wangu bado unataka kuinuka na kukimbilia shule badala yao. Huniuliza, "Bibi, ingekuwa leo, ungesema tena?" Huwajibu ndiyo, papo hapo, kwa sababu bibi hana jibu lingine la kuwapa watoto. Wakishatoka, sikai. Nazunguka nyumba.