Kipa Aliyefungua Mkono

Merja Kemppainen alifika kambini akiwa amechoka tayari. Kulala alikuwa amelala, ila uchovu wake haukuwa wa usingizi. Ulikuwa umemkaa nyongani tangu enzi zake za kuwa kipa wa hoki, alipokuwa akipiga magoti kwenye barafu kutwa kucha mpaka mifupa ikakataa. Sasa siku za wiki alifanya kazi posta ya mji wa Kajaani, na vuli ikiingia chama cha hoki kilimwita awatazame makipa vijana na kusema nani aende kwenye timu ya mkoa. Kila mwaka aliapa kwamba huu ndio wa mwisho, na kila mwaka simu ikilia alisema sawa.

Alikaa jukwaani amejifunika blanketi, mkononi kikombe cha kahawa iliyopoa. Mabao hayakumshughulisha. Alitazama kipa anavyojisukuma kutoka mlingoti hadi mlingoti, magoti yanavyoziba mwanya, gongo la kuchezea linavyolala chini, na zaidi ya yote macho: je, yanakifuata kile kisahani cheusi cha mpira mpaka kiingie kwenye glovu, au yanakiacha njiani?

Siku ya kwanza Eeli Moilanen, kijana wa miaka kumi na mitano, alimfanya asahau nyonga. Alikwenda bila pupa, na kila kisahani kilipofika alikuwa amekwisha kutangulia.

"Tumepata kipa!" Ilpo, kocha mkuu, akamgonga Merja kiwiko. "Funga kambi twende sauna tukajifukize."

"Kesho bado, Ilpo."

"Wewe nawe, hata harusini ungekaa na sura ya matanga."

Kesho yake Eeli akaanza kufungwa. La kwanza, la pili, la tatu, yote upande wa glovu.

"Jana alikunywa nini huyu?" Ilpo akafoka. "Anavuja kama chujio!"

Merja aliinuka akashuka mpaka kwenye kioo cha ukingo wa uwanja, akasimama nyuma ya goli. Shuti la nne likaja. Macho ya kijana yalikifuata kisahani vizuri kabisa, bega lilikuwa mahali pake, glovu ikafika mapema. Kisha vidole vikafunguka. Kipa aliyechelewa hujulikana kwa jinsi mwili mzima unavyokurupuka. Huyu hakukurupuka. Alifika, akangoja, akaachia.

Merja alihisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Laiti asingeona.

Mazoezi yalipokwisha alimkuta Eeli peke yake kwenye benchi la ujia, akihangaika na mikanda ya pedi za kukinga miguu.

"Lile bao la nne uliliona?"

"Sikuliona. Kulikuwa na watu mbele yangu."

"Hakukuwa na mtu hata mmoja. Mwanangu, mimi nimefungwa mabao mengi kuliko nywele za kichwa chako. Usinidanganye mimi."

Eeli aliacha mikanda. Jasho lilimchuruzika shingoni.

"Utamwambia baba?"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba nimechoka." Alilisema neno hilo kwa aibu, kana kwamba ni tusi. "Sikumbuki lini nilikuja hapa nikitaka. Na baba anaendesha lori la magogo usiku, halafu asubuhi ananileta. Nitamwambiaje? Niandike tu kwamba sifai. Wewe ukisema, watakubali."

Ingekuwa rahisi. Mstari mmoja tu, Merja arudi kwake kwenye supu ya njegere. Lakini alimjua Vesa Moilanen, baba wa Eeli. Akiambiwa mwanawe ni dhaifu, angemtafutia mwalimu wa ziada na kumleta tena vuli ijayo, kijana akiwa amechoka maradufu.

"Siwezi kukuandika kipa mbaya," akasema. "Wewe si mbaya."

"Sasa?"

"Kamwambie mwenyewe. Nitasimama karibu."

Nje mvua ilikuwa ikigeuka theluji. Vesa aliegemea gari akila soseji.

"Haya, Merja! Kapita, hajapita?"

"Eeli ana neno."

Kijana alilisema lile neno akitazama viatu vyake. Vesa alitafuna polepole, akameza.

"Umechoka leo, au umechoka kabisa?"

"Kabisa, baba."

Vesa akauchukua mfuko wa vifaa, akaupakia, akafunga buti la gari taratibu sana. Ndipo akamgeukia Merja.

"Wewe ndiye umemtia mambo haya kichwani?"

"La."

"Basi ungenyamaza. Mtoto anajua nini kuhusu kuchoka?"

Gari likaondoka, na kupitia kioo Merja aliwaona wawili wale wakitazama mbele tu.

"Umenipotezea kipa!" Ilpo alilalamika alipopewa jina la kijana mwingine, wa kutoka Sotkamo jirani.

"Huyu goti lake la kushoto linachelewa," Merja akasema. "Lakini analitaka goli. Goti linafundishika."

Timu ilifungwa sana vuli ile, na waliomlaumu Merja hawakunong'ona.

Disemba alikutana na Vesa dukani, kwenye rafu ya maziwa. Alitaka kupita kimya, ila Vesa akamzibia njia kwa kikapu.

"Pedi bado ziko gereji," akasema bila salamu. "Nazipita kila siku."

"Na Eeli?"

"Anapika. Jana kaunguza samaki, nyumba nzima inanuka moshi. Mama yake anasema siku hizi mezani anaongea mpaka chakula kinapoa." Alisugua uso wake. "Mimi, Merja, nilizoea kuongea naye garini. Ilikuwa hoki tu, hatukuwa na kingine. Sasa nikikaa naye sijui nianzie wapi."

Merja alijua kusoma magoti, mabega na macho ya vijana, lakini hili hakuwa amefundishwa.

"Muulize wale samaki waliungua vipi," akasema.

Vesa hakuonyesha kama amekubali au amekasirika. Akachukua maziwa, akaenda kulipa.