Bibi Harusi wa Kwenye Santuri

Juzi nilikuwa sokoni Kebirigo. Redio ya duka moja ilikuwa ikicheza wimbo wa harusi, na vijana wa kikundi cha ngoma wakiufuata neno kwa neno, wakijifunza. Nilisimama na ndizi zangu mkononi. Aliyekuwa akiimbwa ni mimi, nikiwa mtoto.

Nikueleze taratibu. Zamani wimbo ule haukuwa na maneno ya kudumu. Kabla ya harusi, nyanya yangu, aliyekuwa mwimbaji wa harusi, alipita kwa kina msichana anayeolewa, akanywa uji, akamdodosa mama mtu: anapenda nini, anaogopa nini, anaringa kwa lipi? Kisha akamtungia yake mwenyewe, ya kusifu na ya kuchokoza. Hakuna aliyeimbiwa ya mwenzake.

Siku moja, miaka ile ya sitini, bwana mmoja alikuja na mashine ya kunasia sauti. Harusi haikuwapo. Nyanya akatazama huku na huku, akaniona nikisaga wimbi, nusu jiweni, nusu chini. Akaniimba mimi, bibi harusi mwaga-wimbi.

Santuri ikatoka, redio ikaicheza, mwalimu wa kwaya akatufundisha hiyo hiyo kwa ajili ya mashindano. Nikawa najiimba mwenyewe.

"Mwaga-wimbi! Bwana yako yuko wapi?" wenzangu walinipigia kelele njiani.

Nyanya akaja shuleni kuyabadilisha maneno.

"Lakini nyanya, redio haisemi hivyo," mwalimu alimwambia kwa heshima.

"Redio ilinisikia siku moja tu, mwanangu. Huyu sasa anasaga vizuri!"

Haikusaidia. Hadi kule Ikonge, kila bibi harusi akawa mwaga-wimbi. Nikajifariji kwamba harusi yangu ikifika, nyanya atanitoa humo.

Wiki ya harusi yangu alikuja kweli, akajifungia jikoni na mama, nikawasikia wakicheka. Siku yenyewe akasimama, akaanza. Vijana waliokuja harusini wakadhani anawaanzishia. Wakamdaka juu kwa juu na yale ya santuri, kwa furaha kubwa. Midomo yake iliendelea kutembea. Nilikuwa karibu naye, na sikusikia hata neno.

Baadaye nilimwomba aniimbie peke yangu. "Ya harusi ni ya harusini, mama," akasema, akaenda kupumzika.

Usiwalaumu vijana wale. Bila santuri wasingejua hata hayo machache. Sauti ya nyanya ingalipo, na yule mtoto wa jiweni yupo. Msichana niliyekuwa siku ya harusi ndiye nisiyempata popote.