Roulement Iliyonyamaza Sikioni

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na bisibisi moja na kiburi cha kujaza behewa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini nilikuwa nimekwisha kufungua na kufunga kila baiskeli ya mtaa wetu wa Shituru. Mkuu wa gereji, ambaye sote tulimwita Chef, alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa.

"Weye njo fundi?"

"Minye njo fundi, Chef."

"Basi nitakupima majuma matatu. Ukishindwa, unarudia ku baiskeli yako."

Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Sikuwa na nafasi ya kurudia kwenye baiskeli.

Juma la tatu ililetwa pikipiki ya Papa Katekista, mashine ya zamani ya silinda moja, inayopiga kama mtu anayetwanga. Kila mwezi aliipanda kwenda vijiji vya upande wa Mwadingusha kusalisha watu. Sasa injini ilikuwa ikinguruma chini, na ngurumo ya chini maana yake ni roulement, yaani beringi, za vilebrequin. Vilebrequin ni ule mti wa chuma unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Hubebwa na roulement mbili. Ya upande wa mnyororo ina vijiti vya chuma, kwa sababu huko ndiko kunakopigwa zaidi. Ya upande wa pili ina gololi, nayo huzuia mti usitembee kushoto na kulia.

Ya vijiti ilikuwa moja tu. Za gololi Chef aliweka mbili mezani, mpya, namba sawasawa, ila moja iliandikwa C3 ubavuni.

"Chagua."

Hapa mjini kwetu Likasi kila mtu huchagua roulement kwa njia moja: unaitikisa karibu na sikio. Nikatikisa. Ile ya C3 ikalia cheke-cheke. Nyingine kimya kabisa.

"Hii inacheza, Chef. Imechoka."

"Imechoka? Imetoka mu karatasi leo asubui!"

"Basi ilizaliwa imechoka."

Gereji yote ikacheka. Chef naye akacheka, akasema, "Fanya vile unaona."

Roulement haigongwi na nyundo. Carter, yaani nyumba ya aluminiamu ya injini, tuliipeleka kwenye tanuru la mkate baada ya mikate kutoka, na roulement tukailaza kwenye friji. Mwokaji akapiga kelele: "Beye na vyuma byenu! Kesho batu batakula mukate ya kunuka mazout!" Lakini aluminiamu ilipopata moto ikatanuka, na roulement baridi ikashuka yenyewe, tok. Nilijiona mfalme.

Kisha vyote vikapoa. Nikafunga bulon, zile bolti za carter, nikashika mti niuzungushe. Ulikuwa mzito, kama kusonga bukari, yaani ugali, iliyopoa.

"Inazunguka?" Chef akauliza kutoka mlangoni.

"Inazunguka, Chef."

Si uongo, ilizunguka. Nilijiambia itajizoeza njiani.

Asubuhi Papa Katekista akaja na mfuko wake na bidoni ya petroli, akapanda, akatafuta kiki kwa mguu. Nikaanza kuhesabu kichwani milima iliyoko kabla ya kijiji cha kwanza. Injini ikipata joto na kujifunga kwenye mteremko, gurudumu la nyuma linajifunga nayo, na mzee anaruka mbele. Nikamfikiria mke wangu pia. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Papa, shuka."

"Nishuke? Hata sijaipiga!"

"Chef, inazunguka nguvu. Tangu jana. Minye nilijua."

Papa Katekista akanitazama. "Na weye ulikuwa unaniacha niende?"

Chef akasema neno moja tu: "Fungua."

Nikafungua mbele ya wote. Carter ikarudi tanuruni, roulement ikatoka, na ilipopoa nikaizungusha kwenye kidole. Ilizunguka laini kama siku ya kwanza! Hapo ndipo aibu iliponitoka, nikabaki na swali tu.

"Chef, nani aliikaza?"

"Nyumba yake. Carter ikipoa inakamua duara ya inje. Muti unasukuma duara ya ndani. Gololi ziko katikati, zitaenda wapi? C3 iko na nafasi ya kukamuliwa."

Tukaingiza ya C3. Ilipopoa na kufungwa, nilisukuma mti kwa kidole kimoja ukazunguka. Nikautikisa: kimya. Ile yenye makelele ilikuwa imepata nyumba ikanyamaza.

Papa Katekista akaondoka alasiri bila kuniaga. Aliporudi alipita mezani kwangu, akaacha samaki wa mto Lufira amefungwa kwenye majani. Chef alimwona samaki, akaniambia, "Majuma tatu imeisha. Kesho unakuya saa moja."

Nikaenda saa kumi na mbili na nusu. Baadaye nilifanya kazi kwenye kituo cha umeme cha Mwadingusha chini ya enjinia mwenye vitabu, nikakuta vitabu vyake vinasema maneno yale yale ya Chef. Kisha nikafungua ateliye, gereji yangu mwenyewe, Shituru, na niwaambie wazi: pikipiki za silinda moja za zamani za mji huu zote zimepita mikononi mwangu. Si kwamba C3 inafaa kila mahali. Nyumba ikiwa imechakaa, haikamui tena, na nafasi inazidi. Niko na carter mbili ambazo mpaka leo sijaelewa tabia zao.

Sikio la kuume limekufa, nimefunga ateliye ningali na nguvu. Ile roulement ya kwanza, ile ya kimya, iko dirishani kwangu. Mafundi wakija kunisalimia huishika, huitikisa, husema, "Papa, hii iko muzuri, niuzishie."

Nawauliza, "Itaingia mu nyumba gani?"

Wengi hucheka na kuirudisha. Juzi mmoja hakucheka. Alitoka bila kuaga, na saa moja baadaye akarudi amekumbatia carter.