Chokaa ya Bi Ngazi

Mama yangu ni fundi wa kupaka chokaa. Mtaa mzima unamwita Bi Ngazi, maana kumkuta chini ni bahati. Yuko juu, brashi mkononi, anagombana na ukuta. Mimi, bintiye, ndiye mkorogaji wake. Miaka kumi na mitano namkorogea, na hajasema hata siku moja kwamba imekolea vizuri.

Sasa tulipokwenda hospitali apimwe matiti, daktari, mpole wa watu, asiyejua anaongea na nani, akamwambia, "Mama, picha ya titi lako la kushoto imeonyesha chembe za chokaa."

Mama akanigeukia. "Umemwambia kazi yangu?"

"Sijafungua mdomo, mama."

"Basi kajuaje?"

Daktari akaeleza: chembe zenyewe ni ndogo kuliko punje za chumvi, mara nyingi hazina neno, ila nyingine hukaa penye saratani inayoanza. Lazima atoe vinyama kwa sindano vikapimwe. Mama alisikia neno moja tu. Siku ile hakugusa ndoo, na ukuta wa shule tuliokuwa tunaupaka ukabaki nusu, juu mweupe, chini madoa matupu. Nami akanifukuza kabisa: "Ukiisogelea ndoo ile nitakuchapa, na ukubwa wako huo!" Nilikasirika, jamani. Nimekosa nini mimi?

Siku ya sindano waliniruhusu nikae pembeni. Mashine ikambana, sindano ikalia ta! na mama akalia uwii. Vikatoka vinyama vyembamba kama vipande vya uzi. Muuguzi akavipanga kwenye kisahani, akavipiga picha palepale. Wote wakakodolea skrini.

"Hakuna kitu," daktari akasema, uso umemshuka.

"Mungu ashukuriwe!" Mama akaanza kuulizia viatu vyake.

"Tulia kwanza, mama. Inabidi turudie."

"Si umesema hakuna kitu?"

"Hakuna kwenye vinyama. Kwenye titi bado zipo. Tukivipima hivi, tutakuwa tumepima mahali pengine."

Mama akaniangalia, nami nikamwangalia. Yaani kukosa ni kubaya, kupata ni kuzuri? Kichwa kilinizunguka, nami ndiye niliyeletwa nimfafanulie. Wakarudia. Safari hii skrini ikaonyesha nukta nyeupe, tano, sita, na muuguzi akapiga makofi: "Zimo! Tumezipata!"

Mama akaangua kilio. "Mnashangilia nini? Ugonjwa wangu?"

Maskini muuguzi, mikono ikamgandia hewani. Nikamsogelea mama nimfute machozi, naye akanishika mkono, akanong'ona: "Chokaa imeniingia kwa kazi hii. Mimi nimeshazeeka, basi. Lakini wewe je, mwanangu? Vumbi lote la ndooni umelivuta wewe, mimi nikiwa juu kwenye hewa. Nani alikukorogesha kama si mimi?"

Kumbe ndiyo habari ya ndoo! Wiki nzima nimemnunia bure. Niliona aibu, nikamfuta machozi tu, kwa sababu mimi nami sikujua kama ni kweli au uongo.

Majibu yalitoka siku ya tisa. Daktari akasoma: chembe zilizoonekana kwenye darubini ni zilezile za kwenye picha, na hakuna saratani. Mimi nikaruka. Mama hakuruka.

"Na hiyo chokaa," akauliza, "inatoka kwenye ndoo?"

"Hapana, mama. Hiyo mwili hujitengenezea wenyewe. Yenyewe na ya ukutani zinafanana jina tu."

"Rudia."

Akarudia.

"Sasa mwambie huyu."

Daktari akanigeukia, akaniambia, bila kuelewa kwa nini.

Nje mama alitembea hadi getini, halafu akasema, "Kesho saa moja asubuhi uje. Ukuta wa watu umelala nusu."

Nikaja. Kabla sijagusa ndoo alinifunga kitambaa puani kwa mikono yake, akakaza mpaka masikio yakaniuma.

"Mama, si daktari amesema?"

"Amesema," akajibu, akakaza tena, ndipo akapanda ngazi.